Juu ya Sarafu Zipoteazo Safarini

Wapo wasemao kwamba kitu kidogo chenye kung'aa kikishafika pwani ya Afrika Mashariki kimekwisha, hakirudi tena mikononi mwa mwenyewe. Maneno hayo yalikuwa yakisemwa juu ya mizigo na barua. Siku hizi husemwa pia juu ya sarafu za mchezo ambazo wageni huzileta kutoka nchi za mbali na kuzificha katika viunga vya Dar es Salaam. Sarafu, ati, hutoka Hamburg ikapita Lisbon na Nairobi bila dhara lolote, kisha ikiletwa Kunduchi au Boko hunyamaza kimya. Na papo hapo mshitakiwa huwa amekwisha kupatikana: ni mtoto wa mtaani, au ni kijana apitaye na gunia akikusanya vyuma chakavu. Hakuna shahidi aliyeitwa, wala hakuna aliyeuliza sarafu ile iliwekwa wapi, na nani, na lini. Hukumu ya namna hiyo yafaa kupingwa, kwanza kwa sababu si ya haki, na pili kwa sababu inamficha mpotezaji wa kweli, ambaye aghalabu ni mtu mwenye elimu, mwenye simu nzuri mfukoni, na mwenye tiketi ya ndege ya kurudia kwao.

Msomaji asiyeujua mchezo huu hana budi kuelezwa kwa ufupi. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa kasoro iliyokuwa imetiwa kwa makusudi katika mawimbi ya setilaiti zake, kasoro iliyomzuia raia wa kawaida asijue kwa usahihi mahali aliposimama. Siku iliyofuata mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alichukua ndoo, akatia ndani vitabu, manati, kopo la maharagwe na vikorokoro vingine, akaificha porini karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, kisha akatangaza vipimo vya mahali pale ili atakaye aende akaitafute. Watu wakaenda, wakaipata, wakaandika majina yao katika daftari lililokuwamo. Kutokana na ndoo hiyo umezaliwa mchezo unaochezwa leo karibu katika kila nchi duniani, nao umeitwa jiokashi. Kopo lile la maharagwe halikutupwa. Liliokotwa baadaye, likapewa namba yake, na wapenzi wa mchezo hulitazama kama watu wengine watazamavyo masalio ya wafalme.

Sarafu ziliingia mwaka 2001, pale Jon Stanley wa jimbo la Washington alipotengeneza zake na kuzitia katika vificho. Kila sarafu huchongwa namba yake peke yake. Namba hiyo huingizwa katika daftari kuu litunzwalo Seattle, na mwenye sarafu huandika humo safari anayoitakia. Wengine hutaka sarafu yao ikanyage kila bara, wengine hutaka iuone mlima Kilimanjaro, wengine hutaka tu iende mbali kupita wao wenyewe wawezavyo kwenda. Mtu aikutaye katika kificho huichukua, huandika kwamba ameichukua, huipeleka katika kificho kingine, na huandika kwamba ameiacha huko. Hilo ndilo sharti lote. Sarafu si zawadi, wala si kitu cha kubadilishana kama vidude vingine viwekwavyo kashani. Ni amana inayotembea kwa miguu ya kuazima.

Sasa na ifikiriwe kwa utulivu ni nani awezaye kuifikia amana hiyo. Kificho ni kificho. Ustadi wote wa mchezo huu ni kuhakikisha kwamba mpita njia asiyehusika atapita hatua mbili kutoka mahali pale asione kitu. Ama ni kopo lenye sumaku lililobanwa chini ya daraja dogo la mfereji, ama ni kasha la plastiki lililosokomezwa katika ufa wa jiwe la matumbawe. Kijana mwenye gunia hana shughuli na nyufa za mawe. Yeye hutafuta nondo, mabati, nyaya na vifuniko vya mashimo ya maji machafu, vitu vyenye uzito, kwa kuwa hulipwa kwa kilo. Sarafu moja ya mchezo haiwezi hata kuitikisa mizani ya mnunuzi wake. Na lau ingemwangukia mkononi kwa bahati, angeipeleka wapi? Hainunui mkate, haipokelewi dukani, wala hakuna mtu Tegeta au Bunju aliyefungua kibanda cha kununua sarafu za namna hiyo.

Kwa upande wa pili yuko mtu aliyeonyeshwa mahali penyewe kwa vipimo vya setilaiti, akaambiwa mna nini ndani, naye anaijua thamani yake. Maana sarafu hizi hutengenezwa kwa urembo, huuzwa, hukusanywa, na nyingine zilitolewa chache hata zikawa adimu. Ukimweka mtu huyo kando ya kijana wa vyuma chakavu, ukauliza ni nani kati yao mwenye nafasi, ujuzi na sababu ya kubaki na sarafu, jibu halihitaji hakimu. Wachezaji wa siku nyingi hawalikatai jambo hili wazungumzapo wao kwa wao. Husema waziwazi kwamba sarafu nyingi huishia mikononi mwa wachezaji wenzao: mmoja aliisahau katika mfuko wa koti, mwingine alihama nyumba, wa tatu ni mgeni katika mchezo aliyedhani kwamba amepata tunzo, wa nne alijua vizuri sana ila ilimpendeza.

Hapa lipo jambo moja ambalo washitaki wa Boko hawalitii maanani, nalo ndilo kiini cha shauri lote. Daftari la Seattle haliandiki mahali sarafu ilipopotelea. Huandika mahali ilipoonekana mara ya mwisho. Tanzania ina vificho vichache, na kila kimoja kiko mbali na mwenziwe. Chukua mfano wa mtalii aliyefika Boko asubuhi, akaitoa sarafu kashani kwa nia njema kabisa ya kuipeleka mbele, asiandike neno kwa sababu simu yake haikuwa na chaji, na jioni akapanda ndege. Wiki mbili baadaye sarafu iko juu ya kabati huko kwao, chini ya ramani za safari na vifuko vya karafuu. Je, daftari litasema nini? Litasema kwamba sarafu imo katika kasha la Boko. Mchezaji wa pili atakuja, atalifungua kasha, hataikuta, na ataandika kwamba Boko wameiba. Ukimya ulianzia mkononi mwa mtu mmoja, lawama ikaangukia mji mzima, na mji wenyewe hata haujui kwamba umeshitakiwa.

Wahenga walikwisha kulisema hili zamani kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hufundishwa shuleni kana kwamba ni onyo kwa wenye maduka tu. Lakini na iangaliwe vizuri. Haisemi kwamba mali bila mlinzi huibwa, wala kwamba mali bila kufuli huchukuliwa. Inasema kwamba kinachotoweka kwanza ni habari, na habari ikisha kutoweka mali nayo haina tena mahali pa kutafutwa. Mwizi anayejulikana huenda akarudisha. Kabati lisilojulikana halirudishi kitu.

Boko yenyewe ina haki ya kusikilizwa. Ni mji ulio kando ya barabara ya Bagamoyo, upande wa kaskazini wa wilaya ya Kinondoni, kati ya Tegeta na Bunju. Ardhi yake ni ya matumbawe na chokaa, na jirani yake, Wazo, ndiko kiliko kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Zamani palikuwa ni mashamba ya mikorosho, minazi na mihogo. Leo ni viwanja, na viwanja ni jambo lisilotulia. Mkorosho uliohifadhi kasha katika shina lake mwaka jana, mwaka huu umekatwa, na mahali pake pamesimama ukuta wa matofali. Mawe huchongwa na kubebwa kwa malori, mitaro huchimbwa upya, na mvua za masika hushuka mabondeni zikachukua kila kilicholegea. Hata jiwe la mpaka, lililosimikwa na mpima na kuandikwa katika ramani ya serikali, huenda likaamka asubuhi likiwa limehama. Seuze kopo la sumaku! Kasha likipotea namna hiyo, na sarafu zilizomo hupotea nalo, bila mwizi yeyote.

Tena yupo jirani. Kopo lisilojulikana, limezungushiwa utepe mweusi, limefichwa hatua kumi kutoka uani kwa mtu, na kila baada ya majuma kadhaa huja mgeni akalizunguka, akiangalia huku na huku asionekane: mtu mwenye busara afikiri nini? Mmoja atafikiri ni hirizi iliyozikwa kwa ajili ya nyumba yake. Mwingine atafikiri ni bomu, na hatakuwa mpumbavu, kwa kuwa Dar es Salaam haikusahau tarehe 7 Agosti 1998. Akimwita mjumbe wa nyumba kumi, wakalitoa kopo lile wakalichoma moto, wametenda kama walinzi wa mtaa wao. Kosa ni la aliyeficha kitu karibu na makazi ya watu bila kuwaambia wenyewe, ilhali kanuni za mchezo wake zinamtaka apate ruhusa ya mwenye mahali.

Huenda mtu akasema kwamba haya yote ni mchezo, na kwamba jarida la wasomi lina mambo makubwa zaidi ya kujadili kuliko vikopo vya watalii. Lau pwani hii isingalikuwa na sarafu zake zilizosafiri zikapotea, hoja hiyo ingekuwa na nguvu. Lakini zilikuwapo, na kupotea kwake kulifanana sana na huku.

Sarafu za Kilwa zilikuwa za shaba, ndogo, nyingine hazizidi ukubwa wa kifungo cha shati. Upande mmoja zina jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili hufuatana kwa vina. Mpenzi wa ushairi atafurahi kujua kwamba watu wa Kilwa waliifanya hata fedha yao ya sokoni iwe na vina. Walakini zina upungufu mmoja mkubwa. Hazina tarehe, wala hazitaji mji zilikopigwa. Dinari ya Misri hujieleza yenyewe ilikotoka na mwaka wake. Sarafu ya Kilwa haijielezi. Inachoweza kumwambia mwanahistoria hutegemea karibu chote mahali ilipokutwa, katika tabaka gani la udongo, pamoja na vitu gani. Iondoe mahali pake bila kuandika, nawe umebaki na kipande cha shaba chenye jina la mtu. John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alizichapisha sarafu hizi katika miaka ya 1930, na G. S. P. Freeman-Grenville akazifuatilia katika miaka ya 1950. Kila asomaye kazi za namna hiyo huona jinsi neno moja tu la mahali lilivyo na thamani kuliko sarafu yenyewe.

Basi na zitazamwe safari mbili za sarafu hizo. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, yule sultani wa Kilwa ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipopita mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Sarafu hiyo moja, kwa kuwa ilijulikana imetoka wapi, inatoa ushahidi wa uhusiano kati ya Kilwa na nchi ya dhahabu ambao vitabu vizima vilikuwa vikiukisia. Safari ya pili ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliyekuwa kazini katika kisiwa cha Marchinbar, kimojawapo cha visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, aliokota sarafu 9 mchangani. Akazitia koponi, zikakaa humo miaka 35. Mwaka 1979 alipozipeleka zikatambuliwe, ilionekana kwamba 4 ni za Waholanzi na 5 ni za Kilwa. Jinsi shaba ya Kilwa ilivyofika ufuko huo ni suala ambalo wataalamu hawajalimaliza. Lakini Isenberg, ambaye hakuwa mtaalamu wa mambo ya kale wala hakujua ameokota nini, alikuwa ameweka alama ya msalaba katika ramani kuonyesha mahali alipoziokota. Kwa alama hiyo, mwaka 2013 msafara wa wachunguzi ukiongozwa na Ian McIntosh wa Chuo Kikuu cha Indiana uliweza kwenda kisiwani kupatafuta pale pale. Bila alama hiyo zingekuwa sarafu 9 katika kopo.

Linganisha na yanayotendeka karibu na nyumbani. Bahari ikipwa Kilwa Kisiwani, ufuko hutema sarafu, na kwa miaka mingi watoto na wavuvi wamekuwa wakiziokota na kuwauzia wageni kwa fedha kidogo. Mwokotaji huyo hulaumiwa sana. Husemwa kwamba anauza historia ya nchi yake kwa bei ya chupa ya soda. Na mnunuzi je? Mnunuzi ni msomi, pengine ni mwalimu, pengine ni mwanadiplomasia, na amesoma kitabu kabla ya kupanda mashua. Anajua kwamba anachonunua si kifungo. Angeweza kumwuliza mtoto swali moja tu, umeiokota wapi, na kuliandika jibu katika kipande cha karatasi. Hakuuliza. Akaitia sarafu mfukoni, akaipeleka kwao, na siku akifa warithi wake wataikuta katika bakuli moja na funguo za zamani. Mtoto alitoa sarafu mchangani; aliyeitoa katika historia ni yule mwenye kalamu.

Kwamba uandishi ndio unaookoa, Pemba inathibitisha. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, katika uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton. Zilihesabiwa, zikaandikwa zilivyokuwa zimelala na zilikuwa pamoja na nini, na kwa sababu hiyo zikawalazimisha wataalamu kufikiri upya ni lini na wapi pwani hii ilianza kupiga sarafu zake. Lau sarafu zizo hizo 2,000 zingaliuzwa moja moja ufukoni, zingekuwa leo mapambo 2,000 yasiyosema kitu.

Wala haihitajiki kwenda Pemba. Kutoka Boko ni mwendo mfupi kurudi Kunduchi, palipo na magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne zilizopita. Wajenzi wake walipachika sahani na bakuli za kaure, zilizotoka ng'ambo, katika chokaa ya makaburi hayo. Mgeni aendaye leo huona mashimo ya mviringo, matupu, na ukubwa wa kila shimo humwonyesha ukubwa wa sahani iliyokuwamo. Baadhi ya vyombo vya namna hii katika pwani vilitolewa na serikali vikawekwa mahali salama, navyo vina habari zake. Vilivyosalia viling'olewa na watu walioona uzuri wake, na mtu wa kuona uzuri wa kaure ya China katika kaburi la Kunduchi si lazima awe mtu asiyejua kusoma.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahifadhi vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kwa mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863, na humtaka avumbuaye kitu cha namna hiyo atoe taarifa. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipopitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Kwa zaidi ya nusu karne mvuvi wa Kilwa alitakiwa kutii maneno ambayo hakuna aliyemsomea. Jambo lilo hilo liko katika kasha la Boko. Karatasi iliyomo ndani, inayoeleza kwamba kopo hili ni la mchezo na sarafu hii si zawadi, aghalabu ni ya Kiingereza au Kijerumani. Mtu wa Boko afunguaye kopo lile haelezwi kwamba ana wajibu, kisha hushitakiwa kwa kutoutimiza.

Na wajibu huo, lau angeelezwa, si mgeni kwake hata kidogo. Fikihi ya Kiislamu, ambayo imekaa pwani hii karne nyingi, ina mlango mzima juu ya kitu kilichookotwa: mwokotaji hutakiwa akijue chombo chake na kifungo chake, kisha akitangaze mwaka mzima kabla ya kufikiri habari ya kukitumia. Kujua chombo na kifungo ni nini ila kuandika alama? Kutangaza mwaka mzima ni nini ila daftari lililo wazi kwa wote? Neno amana halikuletwa Boko na watalii. Wapo katika mitaa ile wazee ambao hadi leo huwekewa fedha za watu bila hati, na kila shilingi hujulikana ni ya nani. Kuwaambia watoto wa wazee hao kwamba hawana tabia ya kutunza mali ya mtu ni kejeli, na kejeli hiyo hutoka kwa mtu ambaye huenda sarafu ya mwenziwe iko chini ya kiti cha gari lake.

Imetolewa dawa nyingine na wenye sarafu wenyewe, nayo inazidi kuenea. Wamechoka na hasara. Basi sarafu ya asili huibakiza nyumbani, na duniani hutuma nakala yake, karatasi iliyogandishwa katika plastiki, yenye namba ile ile. Wengine huitoboa sarafu tundu ili isitamaniwe na wakusanyaji. Inaeleweka, lakini ni dawa inayomtuliza mgonjwa bila kuugusa ugonjwa. Nakala nayo huchukuliwa, nayo husahauliwa, nayo hunyamaza. Kilichookoka ni shaba, na aliyeituma hakuituma kwa ajili ya shaba. Alitaka kujua imefika wapi. Neno lenyewe sarafu limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kubadilisha, kitu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Sarafu iliyofungiwa nyumbani ili isipotee haina tofauti kubwa na ile iliyofungiwa katika kabati la aliyeichukua, ila tu kwamba kabati hili linajulikana.

Kwa wale wenye kuficha makasha kaskazini ya Dar es Salaam, basi, kazi ya kufanya haina gharama. Kasha lisifichwe penye magofu wala penye makaburi, na kwa vyovyote lisizikwe, maana atakayelitafuta atachimba. Mchezo wenyewe unakataza. Mwenye uwanja na mjumbe wa mtaa waambiwe. Achukuaye sarafu aandike siku hiyo hiyo kwamba anayo, hata kama hajui ataiacha wapi. Akirudi nayo kwao aandike hivyo, na jina la Boko litatoka katika orodha ya washitakiwa. Na juu ya karatasi zote za lugha nyingine iwekwe moja ya Kiswahili, ya maneno haya au mengine kama haya: Kopo hili ni la mchezo wa kutafuta. Si la uganga, wala halina hatari. Ukipenda, andika jina lako na tarehe katika daftari. Sarafu iliyomo ina mwenyewe na iko safarini. Ukiichukua, andika namba yake, mahali unapoipeleka na siku. Usipoweza kuipeleka, iache hapa, na ulifunike kopo vizuri maji yasiingie.

Iwekwe na penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hukauka upesi kwa joto la Boko.